Flutter na Gharama ya Kujichorea

Ndoto ya kuandika programu mara moja ikaendeshwa kwenye mifumo endeshi mingi ni ya zamani. Zana ya Qt ilikuwa ikiifukuzia kwenye kompyuta tangu 1995. Katika zana za simu, Flutter ya Google, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, ilijitenga kwa uamuzi mmoja. React Native, iliyotolewa na Facebook 2015, huuagiza mfumo wa simu ulete kitufe chake: cha Android kwenye Android, cha Apple kwenye iPhone. Flutter haiagizi. Huomba uwanja mtupu, kisha huchora yenyewe kitufe, herufi na kivuli, nukta kwa nukta. Naamini uamuzi huo, kuliko lugha yake ya Dart inayosifiwa sana, ndio ulioifikisha kwenye kompyuta. Asiyetegemea vitufe vya mwenyeji hana haja ya kuviunda upya kila anapohamia. Kazi inayobaki ni dirisha, kibodi, kipanya na mawasiliano na mfumo wenyewe. Windows ilikubaliwa rasmi Februari 2022, macOS na Linux zikafuata Mei mwaka huohuo, na Ubuntu 23.04 ikaja na kisakinishi kilichoandikwa kwa Flutter. Kisakinishi ni programu ambayo ikikwama mtu hana kompyuta, kwa hiyo ushahidi huo una uzito.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kitufe cha kuchorwa ni cha kuiga, na Apple ikibadilisha sura ya vitufe vyake, programu ya Flutter hubaki na sura ya jana mpaka watu waichore upya. Ni kweli. Lakini benki au duka linalotaka sura moja kila mahali halipotezi kitu hapo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzigo haukutoweka, ulihamishwa kutoka kwa mwandishi wa programu kwenda kwenye simu ya mtumiaji. Kila programu hubeba injini yake ya kuchorea: Google ilipopima Machi 2021, programu ya Android isiyo na kitu ilizidi kidogo megabaiti 4. Kwa anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo, ingawa picha ambazo waundaji hushindwa kuzibana mara nyingi huongeza zaidi.

Gharama iliyouma kweli ilikuwa kuganda. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde huipa kila picha takriban milisekunde 16. Injini ya awali, Skia, iliandaa maelekezo ya chipu ya michoro wakati programu tayari inatumika, hivyo mwendo mpya ulipotokea mara ya kwanza muda ulipita na skrini ikashtuka. Kurekebisha hapa na pale hakukutosha. Ikaandikwa injini nyingine, Impeller, inayoandaa maelekezo hayo mapema, injini yenyewe inapojengwa. iPhone ziliipata kama chaguo la kawaida Mei 2023. Android zilisubiri zaidi, na hata hapo zilizotangulia ni simu mpya zenye Vulkan, njia mpya ya kuamrisha chipu ya michoro. Simu dhaifu, iliyohitaji nafuu hiyo kuliko zote, iliwekwa mwisho wa foleni.

Kwa hiyo Flutter ni chaguo zuri kwa timu ndogo inayolenga simu na kompyuta pamoja, ila hukumu yake isitolewe kwenye kompyuta ya ofisini. Chukueni simu ya bei ya chini kabisa waliyonayo wateja wenu, muipime Flutter hapo kabla ya kusaini mkataba.