Tazama Ukingo Kwanza: Kuchagua Vazi la Ngoma Kuukuu

Mtu akiletewa ngoma kuukuu, jicho lake hukimbilia madoadoa ya ngozi, au kitenge kilichozungushiwa mzinga, au rangi mpya inayonukia. Muuzaji analijua hilo. Mimi nasema anza pale vazi linapoishia: ukingoni, kwenye mshono na kwenye mstari wa vigingi. Katikati ya ngozi fundi yeyote anaweza kukupambia. Ukingoni ndipo hujulikana nani kafanya kazi na nani kaficha kazi.

Kwa sisi wa Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, ngoma inayotafuta vazi jipya huwa ama ya ukoo, iliyokaa miaka ndani ya tembe, ama ya kwaya. Za kwaya zina historia yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliufungulia muziki wa wenyeji mlango wa ibada ya Kikatoliki, na Jimbo la Singida likaundwa mwaka 1972, baada ya mlango huo kufunguka. Ngoma za kwaya ndizo watu hupenda kuzivika kitenge na kuzipaka rangi ya mafuta. Ya ukoo ina vazi lake tayari: weusi wa moshi ulioingia ndani ya mti. Weusi huo usiuguse kwa msasa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Mzinga uliopigwa msasa hadi ukawa mweupe kama mwiko mpya umeshapoteza kile ambacho mnunuzi mwenye akili angekilipia.

Kabla ya vazi, ukague mwili. Ingiza mkono ndani ya mzinga, upapase taratibu kuanzia mdomoni kwenda chini. Kucha ikikwama, hapo pana ufa. Ukitoa mkono una unga laini wa njano, bungua bado wanakula. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti huzibika kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa randa. Ufa uliofika kwenye mdomo ni habari nyingine, kwa sababu ngozi ikikauka itauvuta na kuupanua. Vazi jipya ni maficho mazuri ya ufa wa namna hiyo, kwa hiyo ngoma iliyovikwa jana, isiyokuwa na upenyo wa kuchungulia ndani, mimi huiulizia mara mbili kabla sijatoa hela.

Sasa ngozi yenyewe. Ya mbuzi ni ya ngoma ndogo yenye sauti kali. Ya ng'ombe ni ya ngoma kubwa. Ukienda machinjioni au mnadani kuichagua, inyanyue juu uitazame ukiwa umeelekea jua. Palipo pembamba panang'aa njano, na tundu la kisu linawaka kama nyota. Makovu ya kisu cha mchunaji ndiyo adui mkubwa wa ngozi zetu, kwani hayaonekani upande wa manyoya, na ngozi ikikazwa hupasukia hapo hapo. Makovu ya kupe huvumilika yakikaa pembeni. Chapa ya moto haivumiliki kwenye uso wa ngoma, maana pale ngozi imeshaungua na haina mvutano. Ila ikiangukia ubavuni mwa mzinga, mimi binafsi naipenda: inaonyesha ngozi ilitoka kwa ng'ombe wa mtu.

Tafuta mstari wa uti wa mgongo. Ndipo ngozi ilipo nene kuliko kwingine, na fundi anayejua huupitisha katikati ya uso wa ngoma ili kulia na kushoto kufanane. Ngozi ya tumboni hulegea na kuendelea kulegea. Ng'ombe wetu wa kienyeji wana nundu, na ngozi iliyofunika nundu imeumuka. Hata ukiikaza namna gani, itabaki na mfuko. Epuka pia ngozi iliyotiwa chumvi ili isioze njiani. Chumvi huvuta unyevu, na ngoma hiyo itakuwa inanywea kila mawingu yanapokusanyika.

Ikiwa unataka manyoya yabaki kama pambo, kuna jaribio moja ambalo halidanganyi. Shika kishungi kwa vidole viwili, uvute kwa nguvu ya kawaida. Manyoya yakitoka na mizizi yake, ngozi ilianza kuoza kabla haijakauka, na hakuna vanishi ya kuirudisha.

Kuwamba huanzia kwenye maji. Loweka ngozi katika maji baridi, ya mbuzi usiku mmoja, ya ng'ombe hata siku mbili, mpaka ikunjike bila kulalamika. Maji ya moto huipika: hujikunja, ikawa ngumu, isivutike tena. Iweke juu ya mdomo wa mzinga ikiwa mbichi, kisha ukaze kigingi kimoja na kile kinachokitazama ng'ambo, halafu viwili vingine, mpaka mzunguko ukamilike. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na methali hiyo inasikika kwa sikio kabisa. Gonga kwa kidole kimoja karibu na kila kigingi, ukizunguka. Upande alioketi fundi hulia juu. Ule wa mbali hulia chini. Ngoma iliyowambwa vyema hutoa sauti moja pande zote, na jaribio hili halihitaji mtaalamu wa muziki.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo fundi wa pwani halimsumbui. Kiangazi cha Singida ni kikavu na kina upepo, na ngozi ikiachwa nje hukauka juu huku chini bado mbichi, ikajing'oa kwenye vigingi. Kukauka kwake kuwe kivulini, ukingo ukiwa umefunikwa gunia lililolowa kwa siku ya kwanza. Mwenye haraka asubiri masika.

Ubavuni ndipo penye pambo, na ndipo watu huharibu. Ngozi yenye manyoya izungushwe manyoya yakiwa yamelala kuelekea chini, kama yalivyolala kwa mnyama. Yakielekea juu yatakamata vumbi na jasho la mpigaji. Mshono uwe nyuma, ncha mbili zikutane bila kupandana. Na vazi, liwe la ngozi, la kitenge au la plastiki, likome chini ya mdomo wa mzinga. Likipanda mpaka chini ya uso wa ngoma, ngozi haitaketi juu ya mti. Itaketi juu ya kitambaa, na sauti itakuwa ya kuziba pua. Kitenge kipakwe gundi sawasawa na kibanwe kuanzia katikati kwenda kando ili hewa itoke. Mapovu yaliyobaki hayatulii, yatachanika.

Sheria hiyo hiyo ya ukingo inatawala dramu za kiwandani zinazopigwa na bendi na kwaya zenye uwezo. Ile dramu ya Ludwig ya rangi nyeusi yenye mng'ao wa chaza aliyoipata Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, mwaka 1963 ilikuwa imevikwa utando wa plastiki, na utando wa aina hiyo hukoma kabla ya ukingo ambapo ngozi inaketi. Ukipata dramu ya zamani ya namna hiyo, jihadhari na jambo moja: tando nyingi za miaka hiyo ni za seluloidi, na seluloidi ya nitrati hushika moto upesi. Usiibandue kwa pasi ya mkaa wala karibu na jiko.

Kuhusu ngozi za chui, pundamilia na kenge, jibu ni fupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumiliki ngozi hizo bila kibali, hata kama muuzaji anakuambia ni ya babu yake. Milia mingi inayouzwa kwa watalii ni ngozi ya mbuzi au ng'ombe iliyochapwa rangi. Fumbua manyoya: rangi ikiishia kwenye ncha na shina likawa la rangi nyingine, hiyo ni chapa.

Anayetaka kuzoesha jicho aende Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, akaone ngoma za watemi wa Kisukuma. Akivuka kwenda Uganda, asimame Mpambire kwenye barabara ya Masaka, ambako ngozi ya chini hupandishwa na kamba za ngozi hushuka kutoka juu mpaka mti karibu hauonekani. Mafundi wale hawahitaji pambo jingine, kwa sababu kamba zenyewe ndizo pambo, na ukihesabu nafasi kati ya kamba na kamba utajua kama fundi alikuwa na haraka.

Bei mpatane baada ya kuzunguka ukingo wote kwa kidole. Muuzaji akikuambia upande uliolegea utakaza wenyewe ukiota jua, mwambie aote nao yeye kwanza, kisha mtazungumza.