Urafiki wa Wasomi Wawili katika Mashetani

Tamthilia ya Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein imezoeleka kuhakikiwa kama istiari ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na ya ukoloni mamboleo uliofuatia uhuru. Usomaji huo una msingi. Hata hivyo, kwa kuwafanya Juma na Kitaru kuwa wawakilishi wa matabaka tu, unasahau jambo lililo wazi: hawa kwanza ni vijana wawili wa chuo kikuu, wenye akili pevu, na ni marafiki.

Methali husema ndege wafananao huruka pamoja. Suala analoliibua Hussein ni kwamba wafanane kwa lipi. Kwa akili, vijana hawa wanalingana. Ushahidi ni igizo lao la chini ya mbuyu: Juma anakuwa Shetani, Kitaru anakuwa Binadamu, na kila mmoja anayapokea mafumbo ya mwenzake bila kufafanuliwa. Mchezo wa aina hiyo hauchezwi na yeyote tu. Kijana mwenye kipaji huhitaji mwenzi wa kiwango chake, ambaye aghalabu hampati nyumbani. Hali ya Kitaru inathibitisha haya: anapougua maradhi yasiyoonekana mwilini, si mapenzi ya wazazi wala ujuzi wa daktari unaomfikia alipo.

Kwa nasaba na mali, lakini, hawalingani. Ukoo wa Juma umepoteza utajiri na hadhi kwa mapinduzi, na bibi yake angali akiishi katika kumbukumbu za enzi iliyopita. Jamaa za Kitaru wanapanda ngazi. Elimu imewaahidi vijana hawa usawa, na ahadi hiyo inatimia maadamu wamo mchezoni. Mchezo ukikoma, kila mmoja hurejea kwao, na kwao kuna historia. Kwa Juma, kupokewa na Kitaru kunaanza kufanana na kupokea hisani ya walioshinda.

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji huu unaipunguza siasa ya tamthilia. Kinyume chake ndicho kweli. Siasa inatisha hapa kwa kuwa inapenya hadi katika uhusiano ambao wenyewe waliudhania umejengwa juu ya akili peke yake.

Ulinganisho na Kichwamaji (1974) ya E. Kezilahabi unalidhihirisha jambo hili. Upweke wa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, ni wa msomi aliyetengana na jamii iliyomlea. Upweke wa Juma na Kitaru ni mchungu zaidi, kwa sababu wao walikwisha kuonana. Akili iliwakutanisha, lakini haikutosha kuwapatanisha. Mhakiki anayeupuuza urafiki huo hawezi kueleza kwa nini mwisho wa tamthilia unaumiza, maana matabaka yanapofarakana hakuna ajabu. Wanaoliliwa ni marafiki.