Urefu wa Mkono wa Mtoto

Kazi huanza kabla mlango haujagongwa. Mpelelezi wa dawa za kulevya anayeijua kazi yake, anapoichunguza nyumba atakayoipekua, hahesabu magari na wateja tu. Huangalia kama uani kuna baiskeli ndogo, kama basi la shule husimama pale asubuhi. Akiona dalili ya mtoto, humtaarifu afisa ustawi wa jamii mapema akae tayari. Na ikiwezekana, upekuzi husogezwa hadi saa za masomo.

Huko Marekani, utaratibu huu ulianza kushika sura mwaka 1993 katika Kaunti ya Butte, California, enzi ambazo methamfetamini ilikuwa ikipikwa jikoni mwa watu. Mazoea yalikuwa kumkabidhi mtoto kwa jirani au ndugu aliye karibu, kisha polisi kuendelea na vielelezo vyao. Sue Webber-Brown, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, alisukuma polisi, ustawi wa jamii na madaktari wafanye kazi pamoja.

Nyumba ikishadhibitiwa, mwendo hubadilika. Hali ikiruhusu, mzazi hufungwa pingu mahali ambapo mtoto haoni. Askari mmoja huachana na upekuzi, akachuchumaa mpaka macho yake yawe usawa na ya mtoto, akamwambia kwa maneno mafupi kwamba hakuna kosa alilofanya. Hamuulizi baba anaficha wapi mzigo. Maswali hayo yana mhoji wake aliyefunzwa. Mzazi aliyetulia hupewa nafasi ya kuaga, naye huulizwa mtoto anatumia dawa gani za hospitali, chakula gani kinamdhuru, na nani amlee usiku ule. Ndugu anayetajwa huchunguzwa kwanza.

Kisha hufuata hatua ninayoistahi kuliko zote. Mpelelezi huchukua futi kamba, akampima mtoto kama fundi cherehani: kimo chake, na unapofika mkono wake ulionyooshwa juu. Anarudi ndani. Anapima kutoka sakafuni hadi kwenye rafu yenye unga, hadi kwenye droo ya sindano, hadi kwenye chupa ya soda iliyotiwa kemikali. Anatazama kama kuna kiti cha kupandia. Kila kitu hupigwa picha mara mbili, kwa mbali kionekane kiko chumba gani, kwa karibu kionekane ni nini. Hufungua jokofu na kuandika kilichomo, maziwa kama yapo, na kilichowekwa kando yake. Hupiga picha kitanda, choo, bomba lisilotoa maji. Haandiki kwamba nyumba ni chafu, kwa kuwa neno hilo halimwambii hakimu lolote. Huandika sentimita. Kazi hii inachosha, nayo hufanywa wakati wenzake wameshapata walichokifuata na wanataka kuondoka.

Palipopikwa dawa, kuna jingine. Nguo za mtoto zinaweza kuwa zimenyonya kemikali, hivyo huvuliwa, akaoshwa kwa sabuni na maji, akavishwa safi. Mdoli wake hauwezi kwenda naye, hata akiulilia, na askari makini huja na mwingine mkobani. Hospitalini hukaguliwa mwili mzima na kuchukuliwa mkojo mapema, maana dalili za dawa mwilini hazikai muda mrefu.

Hatua ya mwisho ni ndogo, na rahisi kusahauliwa na mtu aliyekesha. Katika mpango ulioanzia Charleston, West Virginia, mwaka 2013, askari huuliza jina la mtoto na shule yake, kisha hutuma ujumbe ufike kabla ya kengele ya asubuhi. Ujumbe hautaji dawa, polisi wala mzazi; humwomba tu mwalimu amchukulie mtoto huyu kwa uangalifu. Mwalimu hahitaji zaidi ya hapo ili kuahirisha jaribio la hesabu, au kumpeleka kwa muuguzi alale.