Nani Kala Mistari?

Chukua shairi lolote la mizani 16, ulibandike kwenye ukurasa unaotumia Markdown. Itaingia mishororo minne, itatoka aya moja. Programu haijaharibika, imefanya ilivyoamriwa: kwake yeye, kushuka mstari mara moja si kitu. Ukitaka mstari ukatike kweli, acha nafasi mbili mwishoni mwake, kisha ndio ushuke. Nafasi zenyewe jicho halizioni. Yani alama ya kukata mshororo, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye shairi, imefichwa.

Na hapo Markdown inajipinga yenyewe. John Gruber aliitoa 2004, Aaron Swartz akimsaidia, na nia ilikuwa nzuri wallahi: maandishi yasomeke vizuri hata kabla kompyuta haijayageuza. Neno likizungukwa na nyota, hata asiyejua programu anaona limetiliwa mkazo. Watu walikuwa washazoea kufanya hivo kwenye barua pepe, Gruber akaifanya mazoea yao kanuni. WhatsApp nayo ikaleta ya kwake 2016, nyota za kukoza na vistari vya chini vya kulaza herufi, na leo Kibokoni tangazo la maziko linakuja na jina la marehemu limekozwa. Lakini barua pepe ni nathari. Mwenye kuandika nathari hajali mstari unaishia wapi. Kanuni ilitungwa kwa ajili yake, sisi wengine tukaikuta.

Sisi tulikuwa na kanuni yetu. Katika miswada ya tenzi ya hati za Kiarabu, ubeti mzima mara nyingi unakaa kwenye mstari mmoja: vipande vinne, na baina ya kipande na kipande mwandishi anatia kialama cha wino. Unakiona, unapumua, unaendelea. Hapa Mvita alikuwako Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890. Yeye ndiye aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka kwa watu waliozihifadhi kichwani, na Muyaka alishakufa tangu 1840. Tena Sikujua alizirekebisha hizo hati zenyewe, zibebe sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na makaratasi ya Taylor sasa yako SOAS, London. Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na Hichens, ya 1940, imetokana na jasho hilo. Ukiniuliza ni nani mbunifu wa alama nyepesi ninayemuheshimu zaidi, sitakwenda mbali na Mji wa Kale.

Sasa, hasara ni kubwa kiasi gani? Hapa nataka tuwe waadilifu, kwa sababu wazee wetu wa vina huwa wanalia sana, na wao ndio wenye afadhali. Tazama mshororo huu niliotunga sasa hivi: simu imo mkononi maneno yamo njiani. Sikutia koma, sikukata, na bado sikio lako limekata lenyewe kwenye mizani ya nane, pale penye *ni* ya kwanza. Kina ni alama ya kupanga maandishi, ila imewekwa ndani ya neno, na programu haiwezi kuila. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa 1969 kwa ajili ya karatasi yake ya *Kenya: Twendapi?*, na mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Pale hapakuwa na ukurasa wa kupanga. Kitabu kilipotoka 1973, beti zilisimama kama beti.

Anayeumia ni yule mwengine, wa mashairi huru. *Kichomi* ya Kezilahabi, 1974, haina kina cha kuirudisha ikishaporomoka. Mstari wa neno moja, mstari mrefu baada yake, uwazi baina yao: hayo yote yako kwenye karatasi tu. Libandike shairi la namna hiyo kwenye Markdown na utapata sentensi za kawaida ambazo hutajua kwa nini mtu alihangaika kuziandika. Mjadala wa zamani wa vina na guni tuliupigania kwa hoja za utamaduni na usasa. Hakuna aliyefikiri kuna siku upande mmoja utafutwa na kitufe. Ni vijana wa rika letu, tunaoandika huru kwenye simu, ndio tuliojenga nyumba juu ya nafasi mbili zisizoonekana.

(Na wenye kuandika ng' kwa ile alama iliyoinama upande wa kushoto, poleni. Markdown huitumia kufungulia na kufungia msimbo wa kompyuta. "Ng`ombe wamevuka ng`ambo" itakutolea nusu sentensi kwa herufi za mashine, na Likoni yenyewe hujafika.)

Kuhusu nyota kwenye makundi ya malumbano, mie sizipendi. Mtu anakoza vina vyote, ubeti mzima unawaka kama duka la simu, kama kwamba msomaji hana masikio. Yako matumizi mazuri: nimeona mtunzi akikoza kibwagizo peke yake, na unapopitisha kidole kwenye beti kumi unakiona kinarudi na kurudi. Huyo kafikiri. Lakini tatizo la kioo chembamba bado liko pale pale. Mizani 16 haitoshei, simu inaukata mshororo popote inapotaka, kwenye ya kumi na moja au kumi na mbili, na asiyezoea anasoma pumzi mahali pasipo pumzi.

Mie siku hizi nautuma mshororo kwa mistari miwili, ukwapi juu, utao chini, na mkwaju mmoja / baina ya mshororo na mshororo. WhatsApp inauacha kama ulivyo, Markdown pia. Ukihamishwa kutoka kundi hadi kundi, mistari yote ikaanguka, ule mkwaju unabaki.