Mwaka 1141: Utendi wa Tambuka na Dunia ya Zama Zake

Msomaji wa tenzi zetu za kale amezoea kuambiwa kwamba zilitungwa “zamani”. Neno hilo lina heshima, lakini lina kasoro kubwa: kilichotungwa zamani hakina jirani. Utendi ukiachwa katika zamani isiyo na hesabu hufanana na kisima kilichochimbwa jangwani, asijulikane aliyekichimba wala misafara iliyokunywa maji yake. Kwa hiyo nakala ya kale ikitufikia pamoja na mwaka wake, yatupasa tuutazame mwaka huo kwa makini, tuulize unatufunulia nini na unatuficha nini.

Nakala ninayoisemea hapa ni ya Utendi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali, neno “chuo” likiwa na maana yake ya kale ya kitabu. Mtungaji ni Bwana Mwengo wa Athumani, mtu wa Pate, naye aliutunga kwa kutakiwa na mfalme wake wa ukoo wa Nabahani. Una beti zaidi ya elfu moja, na habari zake ni vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ambaye wanahistoria humwita Heraclius. Jan Knappert alichapisha utafiti wake juu ya utendi huu mwaka 1958, na tangu hapo ni shida kuandika historia ya fasihi ya Kiswahili bila kuutaja. Mwaka unaohusishwa na nakala ya kale ni 1141 wa Hijra. Wako wataalamu walioutilia shaka mwaka huo, nao wana haki ya kufanya hivyo. Lakini ndio unaokaririwa vitabuni, tena karibu kila mara ukifuatwa na maelezo mafupi: “yaani 1728”. Ni maelezo hayo mafupi ninayotaka kuyapima.

Kwanza hesabu yenyewe. Mwaka 1141 ulianza mapema Agosti 1728, ukaisha mwishoni mwa Julai 1729. Basi karibu miezi mitano yake imo katika mwaka mmoja wa Kizungu, na karibu saba imo katika mwaka unaofuata. Aandikaye “yaani 1728” amechukua fungu dogo akaliacha kubwa. Mtu aweza kusema kwamba hilo ni neno la makarani, wala halimhusu mpenda mashairi. Lingekuwa hivyo kama miezi ile kumi na miwili ingalikuwa sawasawa pwani; lakini haikuwa sawa hata kidogo.

Wareno walipoteza Ngome ya Mombasa mikononi mwa Waomani Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696. Baada ya karibu miaka thelathini walirudi na merikebu kutoka Goa, na Machi 1728 wakaitwaa tena. Pate ilikuwa upande wao, kwa kuwa ilikwisha choshwa na ukubwa wa Waomani. Lakini urafiki ule haukuwa na mizizi. Aprili 1729 watu wa Mombasa waliwaasi Wareno na kuwazingira ngomeni; Novemba ya mwaka huo huo Wareno walisalimu amri wakaondoka. Kwa Pate nako urafiki haukudumu. Kwa hiyo, ikiwa chuo cha Bwana Mwengo kilimalizika mwanzoni mwa 1141, kilisomwa mbele ya mfalme aliyekuwa na mkataba na Wakristo wa Ureno. Ikiwa kilimalizika mwishoni mwa mwaka huo huo, kilisomwa pwani ambayo imekwisha inua silaha juu yao. Tarakimu nne hizo hizo zimebeba hali mbili zinazopingana.

Tukiuliza kwa nini Wareno waliweza kurudi wakati ule, jibu hatulipati Pate wala Lisbon, bali Omani. Baada ya kufa Imamu Sultan bin Seif wa Pili, nchi iligawanyika vikundi viwili, Hinawi na Ghafiri, na vita vyao vikaendelea kwa miaka mingi hata ugomvi ukawafikia askari wa Ngome ya Mombasa. Viongozi wakubwa wa pande zote mbili, Khalf bin Mubarak na Muhammad bin Nasir, waliuawa Sohar mwaka 1728. Ng’ambo ya bahari Uajemi nayo ilikuwa imeanguka: Waafghani waliuteka Isfahan mwaka 1722. Ugomvi wa Omani haukukoma Sohar. Mwaka 1737 uliwaingiza Omani Waajemi wa Nadir Shah, na katika kuwafukuza aliinuka Ahmad bin Said, babu wa masultani wa Unguja. Hapa basi mwaka umeunganisha mambo kwa haki, kwa sababu kila kiungo twaweza kukishika: imamu aliyekufa, ngome iliyogawanyika, merikebu zilizotoka Goa, mfalme wa Pate aliyeona nafasi.

Baada ya kuona hayo, mhakiki hushawishika kwenda hatua moja zaidi. Atasema: Herekali wa utendi si mwingine ila Mreno, Bwana Mwengo anasimulia vita vya Mtume na Rumi, lakini moyoni anawasemea watu wa Pate. Fikira hii inavutia, wala sithubutu kusema kwamba hakuna msikilizaji aliyeiwaza. Lakini tukitaka kuifanya ndiyo maana ya utendi, twakutana na vikwazo viwili.

Cha kwanza nimekwisha kukitaja: hatuwezi kuukodolea macho mwaka 1141 na kusema ni mwaka wa uadui na Wareno, kwani ulianza katika urafiki. Anayetaka kusema hivyo atuonyeshe mwezi, si mwaka.

Cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ni neno “Rumi” lenyewe. Zama za Herekali, Rumi ilikuwa dola ya Kikristo yenye makao yake Konstantinopoli. Lakini mji huo ulitekwa na Waturuki mwaka 1453, na jina la Rumi likabaki juu ya nchi ile na juu ya mabwana wake wapya. Wareno wenyewe, walipopigana na Waturuki katika Bahari ya Hindi, waliwaita kwa jina hilo hilo, Rumes. Katika mwaka 1141 aliyeketi katika mji wa Herekali alikuwa Sultani Ahmed wa Tatu, Mwislamu na mwenye kuitwa Khalifa. Wareno kwa upande wao walikuwa na majina yao: kwa Waswahili ni Wareno, kwa Waarabu ni Ifranji. Basi msikilizaji wa Pate aliyeijua dunia, na mabaharia wa Pate waliijua, asingeweza kusikia “mfalme wa Rumi” akafikiri moja kwa moja juu ya gavana aliyetumwa na Goa. Pengine alisikia jambo jingine kabisa: kwamba nchi iliyowahi kuwa ya adui imekuwa ya ndugu, na kwamba dola kubwa hugeuka. Maana hiyo haihitaji Mreno hata mmoja.

Na huko Istanbuli, katika mwaka huo huo 1141, kulitokea jambo ambalo kwa historia ya vitabu si dogo. Ibrahim Müteferrika, aliyezaliwa Transilvania akasilimu na kuingia katika utumishi wa Waturuki, alipata ruhusa ya Sultani mwaka 1727 ya kuchapa vitabu visivyo vya dini. Kitabu chake cha kwanza, kamusi ya Kiarabu na Kituruki iitwayo Vankulu, kilitoka mwezi wa Rajabu 1141, yaani mwisho wa Januari 1729. Huku Pate mwandishi alikuwa ameinama juu ya karatasi na kalamu yake, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kule katika mji wa mfalme anayemwandika, herufi hizo hizo zilikuwa zikipangwa kwa risasi. Wala tusiseme kwamba huyu alimjua yule. Ila twaweza kusema kwamba chuo cha Herekali ni cha dunia moja na kamusi ile: dunia ya maandishi ya Kiarabu, iliyotoka Bosfori ikafika Pate, ambamo kila lugha ilijishonea nguo yake kwa kitambaa kimoja. Katika dunia hiyo Kiswahili hakikuwa mgeni mlangoni, kilikuwa kimekwisha ingia barazani.

Kuna mambo mengine ya wakati ule ambayo kwetu ni ya kuwekwa kando. Agosti 1728 Vitus Bering alipita katika mlango wa bahari kati ya Asia na Amerika. Mwaka 1729 serikali ya Lisbon ilipata habari rasmi za almasi za Brazili. Mambo haya ni makubwa, na hata hili la pili linawahusu Wareno hao hao. Lakini sioni njia ya kulitoa Brazili na kulifikisha Yunga, jumba la mfalme wa Pate, ila kwa kuruka. Walioishi mwaka mmoja ni majirani, wala ujirani si undugu. Mwenye kuandika historia kwa kupanga mambo ya mwaka mmoja kama shanga yampasa atuonyeshe uzi: nani alibeba habari, kwa chombo gani, na nani aliipokea. Asipoweza, amepanga shanga mezani tu.

Mwisho, tusisahau kwamba utendi wenyewe una namna yake ya kuunganisha miaka. Katika historia, Jaafari bin Abi Talib aliuawa Muta katika mwaka wa 8 wa Hijra, na safari ya Tabuki ikafuata katika mwaka wa 9, bila majeshi ya Rumi kuonekana. Katika hadithi za maghazi za Kiarabu ambazo Bwana Mwengo alizifuata, mambo hayo yameunganishwa: Tambuka imekuwa vita kuu, na kifo cha Jaafari kimelipwa. Mwanahistoria atasema hilo ni kosa. Mhakiki atasema kwamba mshairi alikuwa akitafuta kitu ambacho mwaka mmoja haukuweza kumpa, yaani deni lililokamilishwa. Basi sisi tunaomrudisha mtunzi huyu katika mwaka wake tusimfungie humo. Mwaka ni mlango wa kumwingilia. Nyumba yake ni kubwa kuliko mlango.

Ombi langu kwa wanaofundisha na wanaochapa tenzi hizi ni dogo. Waandike 1141, na baada yake waandike 1728–1729. Mstari ule mfupi katikati ya tarakimu utamkumbusha mwanafunzi kwamba mwaka wa Pate ulikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, na kwamba katikati yake urafiki na Wareno uligeuka kuwa vita.