Kitufe Kilichofungua Barua za Podesta
Machi 19, 2016, barua pepe iliyojifanya imetoka Google ilimfikia John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton. Ilimsalimu kwa jina lake, ikamweleza kwamba mtu aliyeko Ukraine amejaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa nenosiri lake, na Google imemzuia. Chini palikuwa na kitufe cha kubadilisha nenosiri.

Barua hiyo haikuahidi utajiri. Iliazima sauti ya mlinzi, ikamnasa mtu kupitia tahadhari yake mwenyewe, kwani anayejali usalama ndiye atakayekimbilia kubadilisha nenosiri.

Nyuma ya kitufe kulikuwa na kiungo kilichofupishwa kwa huduma ya Bitly, kilichoelekeza kwenye anwani hii: myaccount.google.com-securitysettingpage.tk. Jicho huanzia kushoto, likaona google.com, likaridhika. Lakini mwenye tovuti hutambuliwa kwa kusoma kutoka kulia, kuanzia kabla ya mkwaju (/) unaofunga jina la tovuti. Hapa ni .tk, alama ya visiwa vya Tokelau katika Pasifiki, kisha com-securitysettingpage. Hilo ndilo jina lililosajiliwa. Maneno myaccount na google yalitangulizwa tu, na mwenye tovuti yoyote anaweza kufanya hivyo. Hila yote ilibebwa na kistari kilichokaa mahali ambapo jicho lilitarajia mkwaju.

Tena, watu waliuliza. Msaidizi aliipeleka barua kwa fundi wa kompyuta wa kampeni, naye akajibu kwamba ni halali; baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Katika jibu hilohilo aliweka anwani ya kweli ya Google na kuhimiza uthibitishaji wa hatua mbili. Hata hivyo kitufe cha tapeli kilibofywa. Naona hapa ndipo ulinzi ulipovunjika: akaunti nzima ilining'inia kwenye neno moja la mtu mmoja, na kiungo cha wezi kiliachwa kikizunguka pamoja na kile cha kweli. Oktoba 7 tovuti ya WikiLeaks ilianza kuzianika barua za Podesta. Julai 2018 Marekani iliwashtaki maofisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, ikidai kwamba kwa mwenyekiti huyo pekee ziliibwa barua zaidi ya 50,000.

Kumwambia mtu awe makini, basi, hakutoshi. Onyo likija, usiguse kiungo chake. Andika anwani mwenyewe kwenye kivinjari. Programu ya kutunza manenosiri ikikataa kujaza, simama hapo, maana yenyewe hulinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi. Namba ya uthibitisho ya SMS inasaidia, ila ukurasa bandia unaweza kukuomba hiyo pia na kuitumia papo hapo. Imara zaidi ni ufunguo wa usalama, kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho hujibu tovuti kilikosajiliwa tu. Google ilisema mwaka 2018 kwamba tangu mwanzoni mwa 2017, ilipowataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 wautumie, hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kuporwa kwa hadaa.

Aliyekwisha kuandika nenosiri lake kwenye ukurasa bandia alibadilishe mara moja, aviondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha akague mipangilio ya kuhamisha barua. Tapeli akiwa ameelekeza nakala ziende kwake, zitaendelea kumfikia hata baada ya nenosiri kubadilishwa.