JUU YA NENO "FUNGATE"

Maarusi wa Rulenge wakisafiri Unguja kwa siku tatu baada ya harusi, husemwa kwamba wamekwenda fungate. Wengi hulieleza neno hili kwa kufungiwa chumbani. Maelezo hayo yapendeza, lakini si sahihi. Fungate ni saba ya Kibantu, iliyotangulia "saba" ya Kiarabu. Washambaa husema mfungate. Kama pana kufunga, wataalamu wengine wasema ni kufunga vidole vitatu katika kumi, vikabaki saba. Kwa desturi ya pwani zilikuwa siku saba za bwana arusi nyumbani kwa bibi arusi, wala si safari. Mtu wa Rulenge hatashangaa: Kirundi, jirani yake, huita juma "indwi", yaani saba. Basi kamusi na zitaje kwanza hesabu, kisiwa baadaye.